Mpira wa Nyongo na Foleni ya Malaba

Nilipokuja kuwaaga mwezi uliopita mlinikalisha kwenye kiti cha metroni, mkanipa soda na keki, na mmoja wenu akaniuliza ni mgonjwa gani ambaye sijamsahau. Nilijibu kwamba nimewasahau wote, mkacheka. Haikuwa kweli. Kabla swali halijaisha nilikuwa nimeshamkumbuka mtu mmoja, ila hadithi yake ni ndefu kuliko soda moja. Sasa niko nyumbani Funyula, kwetu Samia, mvua inanyesha tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza maishani sina zamu ya kukimbilia. Basi nitaiandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yale mtayapata kwenye faili, kama panya hawajayapata kwanza.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika hospitali ndogo iliyokuwa kando ya barabara, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mpaka wa Malaba. Tulikuwa na wodi mbili, thieta moja ya upasuaji, mashine ya eksirei iliyofanya kazi siku jenereta ikiwa na afya, na simu ya kuzungusha kwa mkono. Daktari wa upasuaji, Daktari Barasa, alikuja kila Jumanne kutoka Kakamega. Siku nyingine zote wagonjwa walikuwa wetu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa sare iliyoshonewa mtu mwingine, mtu mnene. Niliibana kwa pini tatu nyuma nikatembea kama niliyemeza fimbo. Metroni alinitazama akasema, "Taaka, utafanya kazi na Ekirapa," kisha akaondoka haraka, kama mtu aliyefurahi kumkabidhi mwenzake mzigo.

Ekirapa alikuwa dressa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda. Alikuwa Mteso wa upande wa Amagoro, mwembamba, mguu mmoja mfupi kidogo, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Aliimba nyimbo za kanisani akifanya kazi, kila wimbo kwa sauti ile ile moja. Shule aliiacha mapema. Kidonda, hata hivyo, alikijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, wenye vyeti wakiwemo.

Asubuhi yote ile alinikunjisha vitambaa vya chachi. Nilipomuuliza ni lini nitaanza uuguzi, alisema, "Umeanza. Hiyo umekunja vibaya, rudia."

Nyinyi mnafungua pakiti, mnatumia, mnatupa. Sisi tulichemsha kila kitu. Tulikuwa na sufuria kubwa yenye kifuniko juu ya jiko la mafuta ya taa, na ndani yake viliingia sindano, koleo, bakuli za enameli na mipira myekundu ya kupitisha maji ya mwili. Mpira ukichemshwa mara nyingi hulegea na kunata. Ekirapa alikuwa anaunyoosha mbele ya dirisha, anaukunja, anaunusa, na kama haukumpendeza anaukata vipande viwili kwa mkasi ili pasiwe na mtu wa kumshawishi. Mara ya kwanza nilidhani ni ubadhirifu. Baadaye nilimwona mgonjwa ambaye mpira umemkatikia ndani, na sikuuliza tena.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa vijiwe vya nyongo alikuwa Mama Nekesa, mkulima kutoka Budalang'i. Alifika macho yakiwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo wa kupaka nyumba, na ngozi ikimwasha hata akajikuna kwa gunzi la mahindi. Daktari Barasa alimpasua, akatoa kijiwe kilichokuwa kimeziba mrija unaopeleka nyongo tumboni, kisha akaacha mpira ndani. Mpira wenyewe mnaujua, una umbo la herufi T. Mikono miwili mifupi inalala ndani ya mrija wa nyongo, na mguu mrefu unatoka nje kupitia ngozi, unashonwa kwa uzi, halafu unaunganishwa na chupa inayoning'inia chini ya kitanda. Mrija uliovimba unapata nafasi ya kupona, na nyongo haimwagiki tumboni.

Asubuhi ya pili niliikuta chupa imejaa majimaji ya kijani kibichi yaliyochanganyika na kahawia. Niliichukua nikaenda kuimwaga chooni, nikaiosha vizuri, nikairudisha inang'aa. Nilikuwa najivunia.

Ekirapa alikuja na daftari lake. "Nyongo ya jana iko wapi?"

"Nimemwaga huo uchafu."

Aliacha kuimba. "Ilikuwa ngapi?"

"Sikupima."

"Rangi?"

"Kijani. Nafikiri."

"Wewe binti ya Samia," alisema polepole, "hiyo sio uchafu. Hiyo ni habari. Umechoma barua ya mgonjwa kabla hatujasoma."

Kuanzia siku hiyo nilipima. Siku za kwanza nyongo hutoka nyingi, karibu nusu lita au zaidi kwa siku, kwa hiyo mgonjwa anahitaji maji na chumvi kurudisha alichopoteza. Kisha, uvimbe ukishuka, nyongo inapata njia yake ya zamani na ile ya chupani inapungua. Siku hiyo choo kinarudi kuwa cha kahawia, nasi tulishangilia choo hicho kama watu wengine wanavyoshangilia bao. Nyongo ikikoma ghafla, usifurahi. Angalia kwanza kama mpira umejikunja, au mgonjwa ameulalia, au mgeni ameukalia. Ngozi pembeni mwa tundu ipakwe dawa ya zinki, maana nyongo inaunguza. Chupa iwe chini ya usawa wa jeraha wakati wote. Na mpira usivutwe kamwe kabla ya wakati, kwa sababu mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga ukuta kuuzunguka. Ukitoka mapema, nyongo inamwagika ndani ya tumbo, na hapo mnaanza kumwita padri.

Mama Nekesa alipona akarudi shambani kwake. Wengine walifuata. Miaka michache baadaye nilikuwa nawafundisha wanafunzi maneno hayo niliyoandika hapo juu, bila kusita, na nilidhani nimeyamaliza. Ndipo akaja Bwana Bakari.

Alikuwa dereva wa lori, Mdigo wa Kwale, mzee wa miaka hamsini na kitu mwenye ndevu za kijivu zilizokatwa vizuri. Alikuwa anapeleka magunia ya chumvi Kampala. Wakati ule serikali za pande mbili zilikuwa hazielewani, leo kizuizi kinainuliwa, kesho kinashushwa, na malori yalipanga foleni kutoka mpakani hadi mbali sana barabarani. Madereva walioga hapo, walipika hapo, walifua hapo. Bakari aliugua akiwa kwenye foleni hiyo, utingo wake akiwa ameshakwenda kwao kuzika. Rafiki yake, dereva anayeitwa Kamau, mtu wa Limuru, alimleta akiwa amemshika kwapani. Macho yalikuwa manjano na alikuwa anatetemeka kwa homa.

Tulimchoma sindano za vitamini ili damu igande vizuri, na Jumanne Daktari Barasa akampasua. Alitoa vijiwe vitatu. Kimoja kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Bakari alipoamka alitaka kuviona, akavigeuza kiganjani, akasema, "Na mimi nilidhani mawe tumboni ni maneno ya watu."

Alikuwa mgonjwa wa kupendeza. Kiswahili chetu kilimtesa kuliko jeraha. Nikisema, "Mzee, usivute hii mpira yako," alifumba macho kama aliyechomwa.

"Huu mpira wangu, mwanangu. Huu."

"Sawa. Usivute huu mpira yako."

"Lahaula," alisema, akageukia ukutani. Baadaye nilisikia kitanda kikitikisika. Alikuwa anacheka, na ameshika jeraha kwa mikono miwili.

Lakini kila mchana Kamau alipokuja kumtazama, uso wa Bakari ulibadilika. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Foleni?"

"Bado imelala, mzee."

Ufunguo wa lori ulikuwa chini ya mto wake. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameendesha magari ya kampuni ile, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa nyuma ya usukani wake. Mimi niliona ufunguo ule kila nilipotandika kitanda. Nilimwambia alale, asiondoke, asishike mpira, asinyanyue chupa. Orodha nzima ya usifanye hivi, usifanye vile. Alikubali yote kwa upole. Sikumweleza kwa nini, na hakuniuliza.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, Alhamisi, niliingia wodini saa mbili asubuhi na trei ya vidonda nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri sana. Mto umewekwa katikati. Ufunguo haupo. Chupa haipo. Mgonjwa wa jirani aliniambia, "Kamau alikuja saa kumi na mbili akasema foleni imeanza kutembea. Mzee alifunga ile chupa kwa mshipi, akavaa kanzu juu, akatoka kama mtu anaenda msikitini."

Niliiweka trei juu ya kitanda nikahesabu. Siku tisa. Ukuta ule ndani ya mwili ulikuwa haujakomaa. Angekanyaga klachi, angegeuza usukani mzito wa lori lililojaa chumvi, mpira ungekamatwa na gia au mlango, na basi.

Nilimkuta Ekirapa akichemsha vyombo. Nilitegemea anigombeze. Alizima jiko, akafuta mikono, akasema, "Leta chachi, zinki, plasta, na uzi. Baiskeli yangu iko nje."

Nilikaa nyuma ya baiskeli ya Ekirapa na mkoba mapajani, yeye akikanyaga kwa mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, tukiyumba kama walevi mchana kweupe. Wale waendesha baiskeli wa kuvusha watu mpakani walitupita wakipiga kengele. Mmoja alisema, "Mzee, shukisha mama nikubebee!" Ekirapa alizidi kukanyaga. Alikuwa anaimba.

Mkia wa foleni ulianza mbali na mji. Foleni ilikuwa imetembea kweli, kisha ikasimama tena. Tulishuka tukaanza kutembea kando ya malori, tukitazama ndani ya kila kichwa cha gari. Wachuuzi wa mayai na ndizi walitufuata wakidhani tunataka kununua. Niliuliza kila dereva, "Umeona Bakari? Mzee wa Mombasa, wa chumvi?" Kwetu kila mtu wa pwani ni wa Mombasa.

"Enda mbele, sista. Lori ya buluu."

"Mbele kidogo."

"Yuko hapo, lakini haonekani mzima."

Tulimwona Kamau kwanza, amesimama kwenye kidato cha lori la buluu, mlango wazi. Alipotuona alishika kichwa. "Sista, mimi nilimwambia tu foleni imetembea. Sikumwambia akuje. Nilipomwona amepanda gari, nikaogopa kumshusha, hiyo kitu isitoke."

Bakari alikuwa amelala kwenye kiti kirefu cha kichwa cha lori, magoti yamekunjwa, jasho likimtiririka, meno yakigongana. Alikuwa amelisogeza lori mara moja tu, mwendo wa malori matatu, kisha maumivu yakamlaza. Mpira bado ulikuwa mahali pake, uzi umeshika. Lakini chupa niliiona juu. Alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye chuma cha kioo cha ndani, juu ya kichwa chake, imesimama wima kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake hapakuwa na kitu.

"Mzee!" nilisema. "Kwa nini umeweka chupa huko juu?"

Aliongea kwa shida. "Tangi huwekwa juu, mwanangu. Ili dawa iteremke. Niliona imepungua nikasema... labda haiteremki vizuri."

Nilisimama pale kwenye kidato nikiitazama ile kamba. Alikuwa amefikiri. Alikuwa amefanya kazi kwa bidii, kwa akili yote aliyonayo ya mtu anayejua mitambo. Aliona mpira, chupa na maji, akadhani tunamtia dawa mwilini kwa njia hiyo, kama dripu aliyotundikiwa siku ya kwanza. Siku tisa nilimpima, nilimsafisha, nilimwandika daftarini, na hakuna hata siku moja niliyomwambia maji yale yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Ekirapa aliifungua ile kamba, akaishusha chupa polepole hadi kwenye sakafu ya gari, akaunyoosha mpira kwa vidole vyake virefu. Tulingoja. Kamau alikuwa anapumua juu ya bega langu. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha tone moja likaingia chupani, kisha jingine, kisha nyongo ikaanza kutiririka, nzito na nyeusi.

"Asante Yesu," alisema Ekirapa. Ndiyo mara pekee nilimsikia akisema jambo hilo bila kuliimba.

Nilipanda nikakaa karibu na kichwa cha Bakari. Nikamwambia kwa lugha yake ya mitambo, kadiri nilivyoweza. "Mzee, hapa tangi ni wewe. Nyongo inatoka kwenye ini lako, inataka kuteremka tumboni kusaidia chakula. Bomba lako la ndani limevimba kwa sababu ya vile vijiwe. Huu mpira ni bomba la pembeni, la muda. Ukiinua chupa, nyongo inarudi nyuma, inalala, inaoza. Ndiyo hii homa. Na ukivuta mpira leo, inamwagika ndani ya tumbo, na hakuna fundi wa kuizoa."

Aliugusa mpira kwa ncha ya kidole. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikosea," nilisema. "Sasa nimekuambia."

"Bomba la pembeni," alirudia. Kisha akafumba macho. "Basi nirudisheni. Lakini lori..."

Hapo ndipo palikuwa na jiwe lililobaki. Lori likikaa bila dereva, malori ya nyuma yangelipita, na siku foleni ikifunguka angejikuta mkiani. Kampuni ingetuma mtu mwingine, na yeye angeitwa mgonjwa hadi mwisho wa siku zake za kazi. Haya hakuyasema yote. Alisema tu, "Sijawahi kuacha mzigo njiani."

Kamau alivua kofia. "Mzee, nipatie ufunguo. Nitasongesha yangu, nirudi nisongeshe yako."

"Wewe una lori lako."

"Na Otieno yuko nyuma yako, na yule Msomali wa mafuta yuko nyuma ya Otieno. Tutapeana zamu. Foleni ikisonga, gari yako inasonga. Hakuna mtu atakupita. Tumeshaongea."

Bakari alikuwa na ufunguo mkononi. Niliona kidole gumba chake kikiupapasa. Madereva wawili au watatu walikuwa wamekusanyika chini, mmoja amepakwa sabuni ya kunyolea nusu ya uso, wakitutazama. Mwishowe alinyoosha mkono.

"Gia ya pili inakataa," alisema. "Usiilazimishe. Ibembeleze."

"Sawa, mzee."

"Na usile ndani. Nachukia makombo."

Tulimrudisha hospitalini kwa pikapu ya mkate iliyokuwa inarudi Busia tupu. Alilala kwenye godoro la gunia, mimi nimeshika chupa chini, Ekirapa ameushika mpira kwa vidole viwili kila palipokuwa na shimo barabarani. Harufu ya mkate ilijaa mle ndani hadi Bakari, pamoja na homa yake yote, akasema ana njaa.

Nilimpigia simu Daktari Barasa. Sauti yake ilikuja kama kutoka ndani ya mtungi. Alituamuru tuanze sindano za kuua vijidudu, tumtie maji kwa mshipa, tupime nyongo kila baada ya saa sita, na tumpigie iwapo tumbo litakuwa gumu. Siku mbili niligusa tumbo lile kila nilipopita, hata pale ambapo sikuwa na sababu ya kupita. Lilibaki laini. Siku ya tatu nilimkuta ameketi, amejifunga kilemba, anamfundisha mgonjwa wa jirani, mkulima kutoka Adungosi, tofauti ya "huyu" na "hii". Nilipima joto lake mara mbili kwa kutoamini. Homa ilikuwa imeshuka.

Tangu siku hiyo alitaka kujua kila kitu. Alinisomea namba za chupa mwenyewe kabla sijainama. "Leo imepungua, sista. Bomba la ndani linafunguka?" Ngozi ikimuuma pembeni mwa mpira, aliniita mapema badala ya kuvumilia. Niliona kwamba jicho la mgonjwa anayeelewa linashinda ziara zangu zote za saa kwa saa. Nilimshonea mfuko wa kitambaa kutoka kwenye shuka kuukuu, wenye mkanda wa kufunga kiunoni, ili aweze kutembea uani na chupa ikae chini ya jeraha bila kuonekana. Alikuwa ameona aibu kusali na kitu kile kikining'inia mbele ya watu. "Mgonjwa ana ruhusa," aliniambia, "lakini mfuko huu umeniheshimu."

Na kila alasiri alikuja dereva mmoja na ripoti. Siku nyingine Kamau, siku nyingine Otieno, siku moja yule Msomali wa mafuta, mtu mkubwa aliyeingia wodini kwa kunyata kama anayeingia kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

"Leo tumesonga malori manne."

"Gia ya pili?"

"Imekubali. Tulibembeleza."

Siku nyingine hawakusonga hata hatua moja, na waliambiana habari hiyo kwa uzito ule ule.

Jumanne iliyofuata jenereta ilikuwa na afya. Daktari Barasa alipitisha dawa ndani ya mpira na kupiga eksirei. Sote watatu tuliinua ile picha kwenye dirisha. Dawa ilikuwa imeshuka kwenye mrija, nyembamba na safi, ikamwagika kwenye utumbo bila kuzuiwa na kitu. Hapakuwa na kijiwe kilichobaki. Ekirapa aliigeuza picha juu chini akaitazama tena, ili awe na hakika. Tukaanza kuufunga mpira kwa kibanio ili nyongo ijaribu njia yake ya ndani, kwanza saa mbili, kisha nne, kisha siku nzima, huku nikimuuliza Bakari kila mara kama anasikia maumivu au baridi. Alikuwa anajibu kabla sijauliza. Hakupata homa. Choo kikawa cha kahawia, na wodi nzima ilijulishwa, kwa sababu aliitangaza mwenyewe.

Ijumaa ya wiki ile nilimpelekea Ekirapa mkasi na koleo kama kawaida. Aliyekuwa akitoa mipira ya nyongo siku zote ni yeye au daktari. Aliviangalia, akaweka mikono nyuma.

"Wewe," alisema.

Nilikata uzi. Bakari alishika ukingo wa kitanda na kuanza kusoma dua kwa sauti ndogo. Nilishika mpira karibu na ngozi nikauvuta, taratibu, bila kusita na bila haraka, nikisikia ule ugumu mdogo pale mikono miwili ilipokunjwa kupita kwenye njia nyembamba. Kisha ukatoka, wote, umekamilika. Niliuhesabu vipande ingawa ulikuwa kipande kimoja. Nyongo kidogo ilivuja juu ya chachi jioni ile, kidogo zaidi kesho yake, na siku iliyofuata tundu lilikuwa limefumba lenyewe, kama mdomo wa mtu aliyeamua kunyamaza.

Nilimsindikiza Bakari mpakani mwenyewe, siku yangu ya mapumziko. Alitaka kutembea, lakini nilimlazimisha kupanda baiskeli ya abiria na kwenda polepole. Kampuni ilikuwa imemtumia utingo mpya, kijana mwenye nguvu ya kushika usukani mahali pagumu, na daktari alikuwa amemkataza kubeba hata gunia moja kwa miezi miwili. Lori la buluu lilikuwa mbele sana, malori manane tu kutoka kwenye kizuizi. Lilikuwa limeoshwa. Kamau, Otieno na Msomali walikuwa wamesimama mbele yake, mikono mifukoni, kama wanafunzi wanaongoja matokeo.

Bakari alilizunguka lori lake lote. Alipiga teke kila tairi. Alikagua kamba za turubai. Kisha akapanda, akafunga mlango, na tukangoja aseme neno la shukrani, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kulowa.

Kichwa kilitokea dirishani.

"Nani amekivuta kiti changu mbele hivi?" alifoka. "Nani kati yenu ana miguu mifupi kama ya kuku?"

Kamau alicheka hadi akainama. Mbele kabisa askari aliinua kizuizi, injini zikaanza kuunguruma moja baada ya nyingine kurudi nyuma kando ya barabara nzima, na lile la buluu likaingia gia ya kwanza, likangoja kidogo, kisha likaingia ya pili bila ubishi wowote.